Kibonge cha Zamoyoni

"Sema ukweli leo, Zamoyoni. Uliweka kibonge au hukuweka?"

"Niliweka."

"Uliweka wapi? Kwenye mfereji wangu au kwenye pindo la kitenge chako?"

"Kwenye mfereji wako, dada Foibe. Na wewe ulikuwa umenipa mgongo, kama desturi inavyotaka. Sasa ulitaka nikuimbie nikiwa juu ya ngazi ndio uamini?"

Kati yao palikuwa na ua wa minyaa, na kwenye ua palikuwa na upenyo wa kutosha uso mmoja kila upande. Watu waliokuwa wanatoka kisimani walipunguza mwendo. Vilima Viwili hakuna mtu anayepita penye ugomvi eti kwa sababu ndoo ni nzito. Bora mkono ufe ganzi. Mmoja alitua ndoo kabisa akajifanya anafunga kiatu, na alikuwa amevaa kandambili.

"Misimu minne," Foibe alisema, akiinua vidole vinne ili hata wa mbali wahesabu. "Misimu minne koo langu la uani linameza mvua ya paa lile pale. Liangalie! Unaweza kucheza rede juu yake, mechi mbili kwa mpigo. Mnadi wa kisimani hajanitaja hata kwa bahati mbaya. Lakini wewe, mwenye vyumba vitatu na bati lililoshikiliwa na matairi mabovu, unatajwa asubuhi, unatajwa jioni!"

"Labda Mnadi anapenda matairi."

Kicheko kikapita barabarani. Zamoyoni hakucheka. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa umri mmoja na Foibe, hamsini na ushee, na alikuwa na ile tabia ya kusema neno lake kali huku anachambua mchicha, kana kwamba wewe na mchicha ni kazi moja.

"Halafu jiandae na Jumapili," aliongeza. "Makoo kumi na manne ambayo hayajawahi kutajwa yanazibwa. Mifereji yake inaunganishwa kwa jirani anayetajwa. Jirani yako mimi. Usiwe na wasiwasi, shoga. Maji ya paa lako nitayapokea kwa mikono miwili."

Foibe aligeuka akaingia ndani akabamiza mlango, na waliokuwa barabarani wakachukua ndoo zao, maana utamu ulikuwa umekwisha.

*

Ndani kulikuwa kimya. Nyumba ya Foibe ilikuwa na vyumba vinane, sebule yenye makochi ya kukalisha watu kumi na mbili, na watu wenyewe hawakuwepo. Alikuwa ameshona sare za shule miaka sita, mpaka jicho la kulia likaanza kuona ukungu, ili ajenge paa lile. Hakulijenga kwa ajili ya vyumba. Vyumba vilikuja kwa sababu paa lazima likae juu ya kitu.

Tangu bomba la jiji likauke na serikali ikaacha kuahidi, Vilima Viwili iliishi kwa kuinywesha ardhi. Kila nyumba ilichimba koo: shimo la mita arobaini, mdomoni limejazwa kokoto, mchanga na mkaa. Mvua inapiga bati, inashuka mferejini, inachujwa, inazama mpaka kwenye mwamba uliopasukapasuka kule chini. Chini huko maji yote ni ya wote, na wote wanachota kisima kimoja, sehemu sawa kwa kila nyumba. Hapo hakuna aliyekuwa na neno.

Neno lililetwa na Mnadi. Miaka minne iliyopita walifungiwa kisimani kile chombo cha kusoma punje. Kila nyumba ilikuwa na punje zake, ndogo kuliko vumbi, hazina ladha wala madhara, zimeshindiliwa kwenye kibonge cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Mvua za kwanza zikishaosha paa, kibonge kinawekwa mferejini, kinayeyuka polepole msimu mzima, na kila tone linalozama linabeba alama ya nyumba lilikotoka. Watafiti ndio waliovianzisha vibonge, tangu makoo ya kwanza yalipochimbwa miaka kumi na miwili nyuma, wapate kujua maji yanaelekea wapi. Mnadi aliletwa baadaye, kusoma tu. Lakini ana sauti, na penye sauti pana watu.

"Ndoo hii ni ya paa la Zamoyoni," alikuwa akisema, kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa redio, na wanawake kwenye foleni wakapiga vigelegele. Aliyetajwa sana wiki ile alichota wa kwanza wiki inayofuata. Kwenye harusi alikalishwa mbele. Wachumba walianza kuulizana habari za paa kabla ya habari za ukoo. Na nyumba iliyotajwa ilijaa watu, wanakuja kunywa chai, wanakuja kupiga soga, wanakuja tu. Foibe aliwasikia kupitia minyaa kila jioni. Alivijua vicheko vyao kimoja kimoja.

Kwa kuwa mwanzoni wajanja walisaga vibonge viwili viwili ili watajwe, kamati ikaweka desturi: hakuna anayejiwekea. Jirani humwekea jirani. Jirani anapanda ngazi na kibonge, mwenye nyumba anampa mgongo, asitazame. Kutazama ni tusi kubwa kuliko la nguoni. Zamoyoni alimwekea Foibe, Foibe alimwekea Zamoyoni.

Foibe alivuta saraka ya cherehani. Chini ya mabobini na chaki kulikuwa na kibonge cha kijivu, kikavu, hakijaguswa na tone. Kimegongwa muhuri: NYUMBA 17. ZAMOYONI.

Hakuwa amepanga. Alipanda ngazi mwezi wa kumi na mbili, Zamoyoni akampa mgongo huku anasimulia harusi aliyokalishwa mbele, pilau lilivyokuwa, bibi harusi alivyomkumbatia. Mkono wa Foibe ulifika mferejini. Halafu ukarudi kifuani, ndani ya blauzi, na kibonge kikiwa ndani yake. "Tayari?" Zamoyoni aliuliza. "Tayari," alijibu.

Tangu siku ile alisubiri Mnadi amsahau Zamoyoni. Januari, Februari, Machi. Mnadi alizidi kumtaja.

Sasa hapo ndipo akili ilipomganda Foibe. Kama sikumwekea, na bado anatajwa, basi anajiwekea mwenyewe. Ni mwizi. Na mimi ushahidi ninao, huu hapa kwenye saraka yangu. Lakini kwa kuutoa ushahidi, lazima kwanza aseme ulifikaje pale.

*

Fundi Mwaluko aliishi kwenye kibanda cha pampu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mikono mirefu, aliyebaki nyuma watafiti walipoondoka kwa sababu, watu walisema, alinogewa na mlenda. Foibe alimkuta ameinama kwenye kioo cha pampu.

"Fundi, hebu nikuulize kitu. Kwa mfano tu."

"Uliza, mama."

"Kwa mfano nyumba isiwekewe kibonge msimu mmoja. Inaweza kutajwa msimu huohuo?"

Fundi aliinua kichwa taratibu. "Njoo nikuonyeshe."

Kwenye kona alikuwa amesimamisha bomba la plastiki linaloonyesha ndani, refu kuliko mtu, limeshindiliwa udongo na mwamba uliolainika kutoka kwenye koo la nyumba mojawapo. Juu alikuwa amemimina wino mwekundu. Wino ulikuwa umeshuka, umeishia usawa wa kiuno.

"Nilimimina wiki mbili zilizopita," alisema. "Umeshuka mita moja. Kutoka kwako hadi hapa kisimani, kupitia kule chini, ni kama mita mia mbili."

Foibe alikuwa fundi cherehani. Mita hazikumsumbua. "Wiki mia nne," alisema. Akahesabu tena kwa vidole. "Karibu miaka minane."

"Karibu miaka minane. Maji mnayochota leo, mama, ni mvua ya kabla hujajenga. Koo la Zamoyoni lina miaka kumi na miwili. Lako minne. La kwako bado liko njiani, linatembea."

Foibe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa muda hakusikia pampu. Kumbe Zamoyoni hakuiba. Kumbe mvua iliyomtangaza ni ya zamani, ya wakati wao wawili walipokuwa wakichimba mitaro pamoja kwenye msaragambo, ile kazi ya mtaa mzima, wakikopeshana jembe. Alitafuta ndani yake nafuu, akapata wivu uleule umekaa palepale, umebadilisha nguo tu.

"Sasa mbona hukusema, Fundi?"

"Nimesema mpaka nimechoka! Mwenyekiti Hezroni ananiambia bomba ni bomba, ardhi ni ardhi. Mnadi mwenyewe anasoma nyumba, hasomi mwaka. Punje za leo na za zamani kwake ni moja. Na wanaotajwa hawataki kusikia kwamba wanasifiwa kwa mvua ya zamani." Alijifuta mikono. "Wakiziba yale makoo kumi na manne, wataunganisha mapaa makubwa kwenye makoo madogo. Koo la Zamoyoni ni la vyumba vitatu. Ukilimiminia na lako litatapika, maji yote yaende korongoni. Na mwaka huu hakuna atakayeona kitu. Kisima kitajaa. Mwakani kitajaa. Mwaka wa nane ndio tutalia, na hakuna atakayekumbuka kilichotuliza."

"Hakuna dawa?"

"Ningepata nyumba moja tu ambayo haikuwekewa kibonge msimu huu, na bado inatajwa. Moja. Hapo Hezroni angekosa pa kutokea. Lakini wapi, mama? Hapa kila mtu anawekewa."

Alimtazama. Foibe hakujua kama Fundi ameshajua.

Njiani kurudi alihesabu njia zake. Akinyamaza, wanaziba koo lake, na mvua ya miaka sita ya ushonaji inakwenda kumtangaza Zamoyoni mpaka kaburini. Akisema, koo linapona, na ya wenzake kumi na watatu, na kisima. Lakini atakuwa amesema mbele ya mtaa mzima kwamba yeye Foibe aliiba kibonge akiwa amepewa mgongo. Na zaidi ya hapo, jambo ambalo lilimchoma kuliko aibu yenyewe: Zamoyoni ataonewa huruma. Watu watamjaa kuliko jana. Hata kosa la Foibe litakwenda kwa Zamoyoni kama sifa.

*

Jumapili saa tisa uwanja wa kisima ulikuwa hauna pa kutema mate. Zamoyoni alikaa mstari wa mbele, kanga mpya, miguu kaipishanisha. Mwenyekiti Hezroni alisoma majina ya makoo ya kuzibwa kwa sauti ya msiba. Fundi Mwaluko alisimama na bomba lake, wakamzomea mpaka akakaa.

"Nyumba ya kumi na nne na ya mwisho," Hezroni alisoma. "Nyumba kumi na nane. Foibe."

Foibe alisimama. Alipita katikati ya mikeka akafika mezani akaweka kitu cha kijivu juu ya karatasi za Mwenyekiti.

"Nini hiki?"

"Kina jina. Soma."

Hezroni alisogeza miwani. "Nyumba kumi na saba." Akasita. "Zamoyoni."

"Cha mwaka gani?" mtu aliuliza nyuma.

"Cha mwaka huu," Foibe alisema. "Sikukiweka. Alinipa mgongo nikakiweka kifuani. Kimekaa kwenye saraka yangu msimu mzima."

Sauti zikaja zote kwa pamoja. Waliosimama walikaa, waliokaa walisimama. "Jirani gani huyo!" "Mimi nilijua, jicho lake nililijua!" "Na mwaka jana je? Na mimi nani aliniwekea?" Mtu alimgeukia jirani yake, jirani akamgeukia wa pili, na kwa dakika nzima Vilima Viwili ilijitazama yenyewe kama watu walioamka wakakuta milango yote iko wazi. Foibe alishika ukingo wa meza. Hakumtazama Zamoyoni. Alijua akimtazama atanyamaza.

"Nilifanya kwa wivu," alisema, na sauti ikatoka ndogo kuliko alivyotaka. "Sina jina lingine. Nilitaka Mnadi amnyamazie, hata wiki moja. Nitukaneni, ila mkimaliza jiulizeni: leo asubuhi ndoo ya kwanza katajwa nani?"

"Zamoyoni," walisema watatu, wanne.

"Kwa kibonge kipi?"

Mama mmoja muuza karanga, ambaye kwenye vikao hakuwahi kusema zaidi ya kupiga miayo, alijishika kichwa. "Ngojeni. Ngojeni jamani. Kama kibonge ni hicho hapo, kikavu, basi maji niliyobeba leo si ya mvua ya juzi."

"Ni ya lini?" Hezroni aliuliza, na hapo hapo akajuta kuuliza.

"Karibu miaka minane!" Fundi Mwaluko aliruka na bomba lake. Safari hii hakuzomewa. Alilipitisha mstari kwa mstari, watu wakapima wino kwa vidole, wakabishana, wakahesabu mita. Wale kumi na watatu wengine walianza kucheka bila sauti, machozi yakiwatoka, kama watu walioambiwa mgonjwa wao amekaa kitandani akaomba uji. Bado wako njiani. Mvua zao zinatembea.

Karatasi ya Hezroni ilikunjwa mara mbili, ikaingia mfukoni. Hakuna koo lililozibwa. Foibe alihukumiwa hapo hapo: hatamwekea mtu kibonge tena, na atachota wa mwisho msimu mzima. Hakuna aliyemtetea, naye hakutegemea.

Zamoyoni aliinuka. Uwanja wote ukamsubiri, maana alikuwa na haki ya kusema lolote. Alikwenda mezani, akachukua kibonge chake, akakifunga kwenye ncha ya kanga mpya, mafundo mawili. Akaondoka.

*

Jua lilikuwa bado halijazama Foibe alipoamua kwenda. Hakupita kwenye upenyo wa minyaa. Alizunguka barabarani, mbele ya macho ya watu, akafika mlango wa mbele kama mgeni.

Mlangoni kandambili zilikuwa zimelundikana mpaka nje ya kizingiti. Walikuja kumpa pole. Ndani walikaa mkekani, kwenye vigoda, kwenye mfuko wa mkaa. Wawili walikaa kitandani, pazia la chumba likiwa limefungwa fundo ili wasipitwe. Foibe aliona yote hayo na wivu ukamrudia palepale, baada ya yote aliyoyasema uwanjani. Vyumba vitatu tu. Wanatoshaje?

"Hodi."

Mazungumzo yalikatika kama uzi.

"Hodi wenyewe."

Zamoyoni alitokea kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Umekuja kuchukua kingine?"

Ndani wakacheka. Foibe alingoja wamalize.

"Nimekuja kuomba radhi, Zamoyoni. Kule uwanjani niliwaambia watu. Wewe sijakuambia."

Zamoyoni aliegemea mwimo wa mlango. Unga ulikuwa umemganda kwenye viganja. Alimwangalia Foibe kwa jicho la mtu anayekagua mshono.

"Bati mia na kumi na mbili," alisema hatimaye.

"Nini?"

"Paa lako. Mia na kumi na mbili. Nililihesabu nikiwa hapo nje, bati moja moja lilivyokuwa linapanda. Usiku lile la kwangu likivuja, nakinga sufuria, nasikia la kwako lilivyo kimya. Sasa wewe unadhani wivu uliuvumbua peke yako?"

Foibe akalitoa lile ambalo halikumtoka rohoni tangu juzi. "Basi niambie. Misimu minne umepanda ngazi yangu. Uliniwekea?"

Wanawake wote ndani waligeuza shingo. Mmoja aliacha kutafuna.

"Bado miaka minne," Zamoyoni alisema. "Mnadi atakuambia."

"Niambie wewe."

"Sikuambii. Mimi umenipa msimu mmoja wa kusubiri nisitajwe, na siku hiyo ikifika, miaka minane ijayo, nitakuwa nimepita sitini, nimesimama kwenye foleni nasikiliza. Na wewe sikiliza. Kila asubuhi, wa mwisho na ndoo yako, sikiliza."

Nyuma yake, jikoni, ugali wa uwele ulikuwa unatoa ile harufu ya kuanza kushika sufuria. Zamoyoni aliinusa, akatukana kidogo, akageuka kwenda. Hatua ya tatu alisimama.

"Hawa," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, akizungusha mwiko chumba kizima, "wamekusema tangu saa kumi. Wamekusema mpaka mate yamewakauka. Mimi sijakusamehe, usije ukatoka hapa unatangaza kwamba nimekusamehe. Lakini sitasimama jikoni nipike huku nakuona mlangoni kama nguzo." Aliwasukuma waliokaa karibu na kizingiti kwa goti. "Sogeeni. Sogeeni nyie, mpisheni. Mleteeni maji anawe. Ingia, dada Foibe, ukae hapa katikati yao, wakuseme unakula."